Jubilei Isiyo na Ukumbi



Wapendwa waamini, wako katika parokia yetu mume na mke ambao mwaka 2024 walitimiza miaka 40 ya ndoa takatifu. Wengi wenu mnawafahamu. Watoto wao walikuwa wamekwisha kuunda kamati, kadi za michango zimekwisha kugawiwa hadi jumuiya za jirani, ukumbi umewekewa arubuni, na kulikuwa na mabishano makali, tuliyoyasikia hata sisi tukiwa ofisini, juu ya rangi ya vitambaa vya meza. Ndipo wazee wenyewe wakaiita kamati, wakaishukuru, wakaomba fedha iliyokwisha kukusanywa wapewe wao. Wachangiaji waliulizwa mmoja mmoja, na waliokataa walirudishiwa chao. Jumanne moja asubuhi wakaleta nia yao ya Misa, wakarudia ahadi zao mbele ya watu wapatao ishirini, wakanywa chai kwa masista. Juma lililofuata wakafunga begi moja, wakashuka Pwani, wasirudi kwa majuma saba.

Yakasemwa mengi. Ikasemwa kwamba wazee wameanza kuzurura kama Wazungu, kwamba wamekula jasho la watoto, kwamba mama wa makamo yake anafuata nini ufukweni. Wawili watatu walifika ofisini kutuuliza kama Kanisa linaruhusu. Linaruhusu. Leo tunataka kuyasimulia yaliyotokea, maana wenyewe wametupa ruhusa kwa sharti moja, kwamba majina yao tuyaache, nasi twatii.

Mzee alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Kwa zaidi ya miaka thelathini alipakia bandarini Dar es Salaam na kushusha Zambia au Kongo, akarudi na shaba, akapakia tena. Nyumbani alikuwa akilala siku nne au tano kwa mwezi, na mwezi mwingine hakulala kabisa. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nyumba waliijenga, watoto wakasoma, ada haikuchelewa hata mara moja, na hilo Mama mwenyewe hulitaja kwa heshima. Kisha wote wawili wakastaafu, wakajikuta wamo ndani ya nyumba moja mchana kutwa, tena hawajuani. Walipofika kwetu hawakuja kugombana. Walikuja kwa upole wa kutisha. Mzee alitaka kwenda kuishi kijijini alime. Mama alitaka kubaki mjini karibu na wajukuu. Wakauliza kama tunaweza kuwapa baraka ili kila mmoja akae kwake bila dhambi. Mama akasema neno ambalo hatujalisahau: “Baba Paroko, mimi niliolewa na bahasha ya mshahara. Bahasha sasa imekwisha.”

Seminarini tulifundishwa kwamba Sheria za Kanisa, katika kanuni ya 1055, huitaja ndoa kuwa ni ushirika wa maisha yote, na kwamba kanuni ya 1151 huwawekea wanandoa wajibu na haki ya kuishi pamoja, isipokuwa kuna sababu halali ya kuwazuia. Tuliwasomea. Walisikiliza kama watu wanaosomewa masharti ya benki. Kanuni ni ya kweli, lakini haimfundishi mtu aliyezoea kula peke yake namna ya kumpisha mwenzake mezani.

Wazo la safari halikutoka kwetu. Lilitoka kwa Mama, jioni ya tatu ya mazungumzo yetu. Alikuwa akifundisha historia. Kwa miaka 34 alisimama mbele ya watoto akiwaeleza habari za Kilwa, za Bagamoyo, za soko la watumwa Unguja, akichora ubaoni ramani ya mwambao kwa chaki bila kutazama kitabu, naye hajapata kuukanyaga mji hata mmoja kati ya hiyo. Mzee naye akacheka, akasema kwamba maisha yake yote amepakia mita chache kutoka baharini na hajawahi kulowesha miguu. Mmoja alikuwa ameisoma dunia bila kuiona. Mwingine ameipita bila kusimama. Mama akaweka masharti mawili: hakuna mji watakaoukaa chini ya juma moja, na Mzee hatashika usukani popote.

Walianzia Bagamoyo. Kwetu Wakatoliki wa Tanzania hapo ni mahali pa asili, maana ndipo Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliokuwa wametangulia Unguja, walipoanzisha misheni yao ya bara mwaka 1868, wakakomboa watumwa na kuwajengea kijiji. Mama alijua yote hayo. Alichokuwa hakijui ni jinsi kivuli cha miembe ile mikubwa kilivyo kizito saa saba mchana. Walikaa majuma mawili. Siku za kwanza, anatuambia Mama, Mzee aliutazama mji kama mtu anayesubiri mzigo upakiwe. Kufikia saa nne asubuhi alikuwa amekwisha kuona kila kitu, akauliza: “Sasa tunafanya nini?” Siku ya tano akaacha kuuliza.

Kilichomvuta ni habari za wapagazi. Dkt. Livingstone alifia kijijini kwa Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia, mwaka 1873. Watumishi wake, Susi na Chuma na wenzao, waliuzika moyo wake palepale, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miguu hadi Pwani, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Mwili ukalazwa usiku mmoja katika mnara wa kanisa ambao ungali umesimama. Mzee aliijua nchi ile kwa magurudumu. Alijaribu kuupima mwendo wao kwa vituo vyake vya mafuta, akashindwa, akakaa kimya chini ya mnara. Baadaye akataka kujua majina ya wapagazi wengine wote, na kama walikuwa na wake. Mwalimu, kwa mara ya kwanza katika ndoa ile, akapata mwanafunzi.

Lakini katika makaburi ya wamisionari lilitokea jambo dogo. Wamelala pale mapadre, mabruda na masista, na wengi wao walikufa wangali vijana. Mama alitembea kaburi hadi kaburi akihesabu umri. Mzee alikaa naye dakika chache, kisha akasema anakwenda kutafuta soda. Hakurudi mpaka Mama alipotoka mwenyewe. Hakumuuliza kitu. Kwa miaka 30 alikuwa amezoea kutouliza.

Magofu ya Kaole waliyaona kwa saa moja tu, jua lilikuwa kali. Wakarudi Dar es Salaam, wakapanda boti kwenda Unguja, mwendo wa kama saa mbili, na hiyo ndiyo haraka pekee waliyoikubali.

Tunaomba tusimame kidogo Unguja, maana hapo Mama alituletea fundisho ambalo hatukulipata katika masomo yetu yote ya teolojia ya ndoa. Miji ile ya mwambao, alituambia, haikujengwa na watu waliokuwa na haraka ya kwenda. Ilijengwa na watu waliolazimika kungoja. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalishuka na upepo wa kaskazi, kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, nayo hayakuweza kurudi mpaka kusi ianze kuvuma mnamo Aprili. Katikati hapo nahodha afanye nini? Alipanga chumba, alijifunza lugha, alikaa barazani, alisikiliza kesi za jirani, wakati mwingine alioa. Lugha hii tunayosalia, milango ile iliyochongwa, pilau, mashairi, yote ni matunda ya watu waliokaa mahali kwa sababu upepo uliwanyima ruhusa ya kuondoka. Hata viti vya mawe vilivyojengwa nje ya nyumba za Mji Mkongwe ni ushahidi: mtu hajengi kiti cha jiwe kwa mgeni wa dakika tano.

Walipanga chumba kwa ajuza mmoja Mwislamu, mjane, mwenye maneno yasiyopepesa. Asubuhi ya pili alimkuta Mzee amekaa barazani mikono mitupu na Mama anatoka na kapu kwenda soko la Darajani. Akamwambia: “Mzee, huyu mkeo au mtumishi? Chukua kapu.” Mzee alichukua kapu. Kwa majuma mawili alilichukua, akajifunza kwamba Mama hununua nyanya kwa kuzinusa, kwamba huwasalimia wauza samaki kabla ya kuuliza bei, kwamba akitembea sana nyonga ya kushoto humuuma na hufanya kana kwamba ametua kutazama mlango. Wakatazama milango mingi. Dominika walisali Minara Miwili, kama wenyeji wanavyoliita Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa miaka ya 1890. Jioni wakaenda Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, ambapo ndugu zetu Waanglikana walijenga kanisa lao. Mama hakusema neno pale. Alikuwa amelifundisha soko lile kwa miaka 34 kama tarehe ya mtihani.

Kutoka Unguja walirudi bara, wakapanda basi kwenda kusini hadi Kilwa Masoko, na kutoka hapo mashua huvuka mkondo mfupi kufika Kilwa Kisiwani. Ibn Battuta alifika kisiwani hapo mwaka 1331 akausifu mji. Kulikuwa na msikiti mkubwa wa mawe ya matumbawe wenye kuba nyingi, na Husuni Kubwa, jumba la vyumba zaidi ya mia moja lililosimama ukingoni mwa bahari, na sarafu za shaba zilizopigwa hapohapo, ambazo moja ilipatikana Zimbabwe Kuu na nyingine chache zikaokotwa hadi kwenye visiwa vya kaskazini mwa Australia. Dhahabu ya bara ilipita hapa kwenda ng’ambo. Mzee aliposikia shaba na Zimbabwe aliinuka kabisa. “Kumbe kazi yangu ina miaka mia saba,” akasema, na Mama anakiri kwamba alimwona, kwa mara ya kwanza, si kama mtu aliyekuwa hayupo nyumbani, bali kama mtu aliyekuwa mahali fulani.

Karibu na maji iko ngome iitwayo Gereza. Wareno waliuteka mji mwaka 1505 wakajenga boma lao. Jengo linaloonekana leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani waliokuja baadaye. Wataalamu wa lugha hutuambia kwamba neno gereza lenyewe tumelipata kwa Wareno, kutoka igreja, yaani kanisa. (Neno padri nalo limetoka kwa Wareno haohao; tunawaachia ninyi mtafakari ujirani wa maneno hayo mawili.) Mwalimu alimweleza mumewe asili ya neno lile, kisha, bila kupanga, akaongeza: “Hata nyumba yetu ilianza ikiwa kanisa.”

Walivuka kurudi Masoko bila kusemezana. Usiku ule, wamekaa kwenye benchi nje ya nyumba ya wageni, Mzee akauliza: “Siku ile, nani alibeba sanduku?”

Inatupasa tueleze. Mwaka 1994 walimzika mtoto wao wa tatu, mvulana wa miaka mitatu, aliyekufa kwa malaria. Baba yake alikuwa katika foleni ya malori mpakani mwa Zambia na nchi iliyoitwa wakati ule Zaire. Simu za mkononi hazikuwapo. Mtoto alizikwa bila baba. Alipofika nyumbani kaburi lilikuwa limekwisha kuota nyasi. Akatoa fedha za saruji, akakaa siku tatu, akaondoka na safari nyingine. Hawakulizungumza jambo lile tena. Hayo ndiyo aliyokuwa akiyahesabu Mama kati ya makaburi ya Bagamoyo, na ndiyo yaliyompeleka Mzee kutafuta soda.

Mama alijibu. Alimtajia wabebaji, wote wawili, kwa sababu sanduku dogo halihitaji wanne. Alimwambia kwamba padri alikuwa kigangoni mbali na katekista ndiye aliyeongoza maziko. Kwamba mvua ilinyesha kidogo ikaacha. Kwamba mtoto alivishwa shati la mistari ambalo baba yake alilileta kutoka Ndola, na lilikuwa bado linampwaya. Mzee aliuliza habari za shati lile mara mbili. Alitaka kujua ilifungwa hadi kifungo cha juu au la.

Kisha akasimulia upande wake, ambao Mama hakuwahi kuusikia. Habari zilimfikia baada ya siku tisa, kwa mdomo wa dereva aliyetoka Tunduma. Alizima injini, akamwachia utingo funguo, akaanza kutembea kwa miguu kurudi nyumbani. Si mfano wa maneno. Alitembea barabarani jioni ile na sehemu ya usiku, mpaka madereva wenzake walipomfuata kwa gari wakamkamata kwa nguvu, wakamrudisha kwenye mzigo, kwa kuwa shehena ya watu haiachwi na nyumbani kulikuwa na watoto wengine wa kulisha. Miaka 30 mke wake aliamini kwamba mume alipata habari, akamaliza kwanza kushusha mzigo, ndipo akaja.

Kesho yake hawakwenda popote. Husuni Kubwa ilibaki mahali pake.

Wapendwa, Mwinjili Luka anatusimulia juu ya wawili waliotoka Yerusalemu kwenda Emau, mwendo wa kama kilomita 11, wakizungumza njiani juu ya kifo. Mmoja anaitwa Kleopa. Wa pili hatajwi jina, na wako wataalamu wa Maandiko wanaofikiri kwamba alikuwa mke wake, kwa kuwa Injili ya Yohane inamtaja mwanamke wa Klopa aliyesimama chini ya msalaba. Hatuwezi kulithibitisha hilo, lakini tunalipenda. Tunachokiona wazi ni kwamba Bwana hakuwatokea kwa kishindo. Alijiunga na mwendo wao, akauliza wanazungumza nini, akawaacha wasimulie habari ambayo yeye aliijua kuliko wao, tena yote, tangu mwanzo. Kama wangekuwa na usafiri wa haraka, maneno yale yangewatosha kwa nusu ya njia tu.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kila ndoa iliyopoa ipelekwe Kilwa. Mahali penye kipigo na vitisho, safari ya wawili si dawa, na mama wa nyumba ya namna hiyo aje ofisini mapema, au aende kwa masista, au polisi. Wala hatusemi lazima fedha itumike. Tunajua mifuko yenu. Yako mashamba ya mwendo wa saa nzima ambayo mume huenda kwa pikipiki na mke kwa miguu, na hapo kuna kilomita nyingi za mazungumzo zinazopotea kila juma. Ila juu ya kumbi na vitambaa vya meza tuna maoni yetu, na kamati za jubilei zijazo zitatusikia.

Juma la mwisho walilimalizia Mikindani, karibu na Mtwara, kwa sababu Livingstone aliianzia hapo safari yake ya mwisho mwaka 1866, na Mama alitaka kuona alikotoka yule ambaye Bagamoyo alifika akiwa maiti. Mzee, ambaye sasa anaogelea vibaya lakini kwa bidii, alikuwa muda mwingi majini.

Msidhani wamerudi malaika. Bado wanabishana juu ya kijiji na mjini. Kwa sasa wamepatana kwamba msimu wa kupanda na wa kuvuna wanakwenda wote, na miezi iliyobaki wanakaa wote hapa. Mama analalamika kuhusu choo cha kule, Mzee analalamika kuhusu kelele za huku. Mwezi uliopita walileta bahasha ya nia ya Misa kwa ajili ya marehemu mtoto wao. Katibu wa parokia alituonyesha: jina la mtoto limeandikwa kwa mwandiko wa mwalimu, na chini yake, kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea kujaza fomu za forodha, limeandikwa jina la baba.

Baada ya Pasaka wanakwenda Lamu. Watavuka mpaka kwa basi, wapumzike Mombasa, kisha wapande mashua pale Mokowe. Mama anataka kuuona mji mkongwe ulioingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001. Mzee ameambiwa kwamba vichochoro vyake ni vyembamba, mizigo hubebwa na punda, na magari hayaingii, naye anasema huo ndio mji wa kwanza duniani ambako dereva hatatumwa na mtu. Tutawabariki mwishoni mwa Misa ya pili, Dominika ya mwisho kabla hawajaondoka. Wapo waliokwisha kuanza kuulizia kadi za michango. Hazipo.

Wenu katika Kristo,
Paroko